Michikichi yangu Kigoma inageuka rangi ya chungwa na mbolea naweka. Kosa liko wapi?

#1 Mangi wa Ujiji
Wakuu, salaam. Naishi Moshi, Majengo, ila nina ekari 8 za michikichi Kigoma vijijini. Nilinunua shamba nilipokuwa nafanya kazi kule, nikapanda Novemba 2019, miche niliyoambiwa ni tenera, ile mbegu bora ya kisasa. Nafasi mita 9 kwa 9, yaani kama miti 50 kwa ekari, jumla 400. Miaka ya mwanzo ilipendeza mpaka majirani wakawa wanakuja kupiga picha.

Tangu mwaka jana makuti ya chini yanabadilika rangi. Si njano ya kuzeeka, ni chungwa kabisa, ukisimama mbali unadhani jua linazama ndani ya shamba. Mashada machache, tena madogo. Mwaka jana mzima tulivuna kama tani 12 tu.

Kinachoniuma ni kwamba mbolea naweka. DAP nilipopanda, halafu urea nusu kilo kila mti mara mbili kwa mwaka, Novemba na Machi. Mahindi yangu ya hapa Moshi nayatunza kwa mtindo huohuo na yanaitika. Hii michikichi inanila hela tu.

Kosa liko wapi? Picha nitaweka, simu ya kijana wa shambani kamera yake imekufa.

#2 chalii_sanawari
Nimekaa siti ya mbele. Mangi, chungwa? Isije ikawa walikuuzia michungwa.

#3 Mlevi wa Mbege
Mchaga ana michikichi Kigoma, Muha ana duka Moshi. Nchi imeiva hii.

#4 Bibi Shamba Mstaafu
Mwanangu, kabla hujaambiwa weka hiki weka kile, mwambie kijana akaliangalie jani moja vizuri. Chukua kuti la chini lililogeuka. Tafuta mahali ambapo jani dogo limelaliwa na jani jenzake, likawa kivulini. Kama sehemu iliyopigwa na jua ni chungwa, na ile iliyofunikwa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya magnesiamu. Mipaka huwa imenyooka kama vile mtu kaweka rula.

Kama hakuna tofauti ya kivuli na jua, ila kuna madoadoa, ukiliinua jani juani unaona vidoti vinavyopitisha mwanga, na vidoti vinakua mpaka vinaungana, hiyo ni potasiamu. Zote mbili huanzia makuti ya chini, kwa sababu mti ukikosa huvua nguo za wazee ukawavisha watoto.

Nimefanya kazi ya kahawa na migomba maisha yangu yote, michikichi nimeikuta kwenye mafunzo tu. Wenye nayo wanisahihishe.

#5 Udongo Kwanza
Bibi kasema vizuri. Mimi naja na hesabu, maana mtoa uzi katupa namba na ni nadra humu.

Kila tani ya mashada inayotoka shambani inaondoka na takriban kilo 3 za nitrojeni na karibu kilo 4 za potasiamu. Fosforasi haifiki nusu kilo, magnesiamu ni chini kidogo ya kilo moja. Wewe umetoa tani 12. Yaani nitrojeni kilo 36 na potasiamu kilo 48.

Umerudisha nini? Miti 400, urea kilo moja kwa mti kwa mwaka, hiyo ni kilo 400, mifuko 8. Urea ni asilimia 46 nitrojeni. Umeweka nitrojeni kilo 184 mahali palipotoka 36. Potasiamu umeweka sifuri. Magnesiamu sifuri.

Unamshibisha mtu ugali asubuhi mchana jioni, mboga hujawahi kumpa, halafu unauliza mbona anavimba miguu. Nunua MOP, ile potashi nyekundu au nyeupe ya asilimia 60. Kilo 48 gawa kwa 0.6, unahitaji kilo 80 kufidia tu kilichotoka.

#6 Kitabu cha Kijani
#5 mkuu, hesabu safi ila umeteleza mwishoni. Ile 60 iliyoandikwa kwenye mfuko wa MOP si potasiamu tupu, ni K2O, yaani potasiamu iliyoungana na oksijeni. Kwanza uzidishe 48 kwa 1.2, unapata kama 58, ndiyo ugawe kwa 0.6. Inakuja kilo 96. Karibu mifuko miwili ya kilo 50.

Hiyo bado ni ya mashada peke yake. Mti wa miaka hiyo unajenga shina na makuti, navyo vinakula. Na mvua inachuja. Kwa hiyo mifuko miwili kwa miti 400, sawa na gramu 240 kwa mti, mimi naiona ni sadaka.

#7 Udongo Kwanza
#6 kweli, nimekubali. Haraka ya kupanda daladala.

#8 Muha wa Njiro
Nimezaliwa Kigoma, nipo Arusha mwaka wa kumi na moja. Kwetu lile shada tunaita ngazi, muwe mnajua. Niwaulize wataalamu: mama yangu ana michikichi ya asili, ile ya zamani, hajawahi kuweka hata kijiko cha mbolea ya dukani tangu namfahamu. Haijawahi kuwa na rangi ya chungwa. Mnaelezaje?

#9 Kitabu cha Kijani
#8 mama anavuna tani ngapi, na anakamulia wapi?

#10 Muha wa Njiro
Tani hatupimi. Anakamua nyumbani, kinu kipo nyuma ya jiko. Makapi yanarudi kwenye shina au yanawashia moto, majivu anamwaga bustanini na kwenye miti.

#11 Kitabu cha Kijani
Basi umejijibu mwenyewe. Mafuta ya mawese ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, vitu vya hewani na majini. Ukiuza dumu la mawese hujauza rutuba yoyote ya maana ya shamba. Rutuba iko kwenye kile kikonyo kitupu cha shada, kwenye makapi, na kwenye maji machafu ya kukamulia. Mama yako anauza jua na mvua, udongo anabaki nao. Mangi anauza shada zima, nadhani. Mangi, unakamua au unauza?

#12 Mangi wa Ujiji
Asanteni sana wote. Nauza mashada mazima, kuna mwenye mashine anakuja na Fuso anapima anabeba. Kukamua mwenyewe kutokea Moshi siwezi, nitaibiwa mpaka ngoma ya mashine.

Vikonyo vinabaki kwake. Niliwahi kuviona, ni mlima. Anavichoma, majivu wanakuja kuchukua watu wa sabuni.

#13 Udongo Kwanza
Hapo ndipo lilipo shamba lako, Mangi. Kwa mwenye Fuso.

Vikonyo vitupu ni kama asilimia 20 hadi 23 ya uzito wa shada. Tani 12 zako zilitoa kama tani mbili na nusu za vikonyo. Tani moja ya vikonyo ina potasiamu sawa na karibu kilo 18 za MOP, na magnesiamu kidogo juu yake. Kwa hiyo karibu nusu ya potasiamu iliyotoka kwako ipo kwenye ule mlima. Fuso inakuja tupu kubeba mashada, si ndiyo? Ije na vikonyo.

#14 chalii_sanawari
Kwa hiyo Wachaga wamefikia kuuziwa takataka zao wenyewe na usafiri juu. Asante kwa uzi huu.

#15 MamaNdizi Kibosho
Mimi sijawahi kuona mchikichi ila naona mnaongelea migomba. Kihamba changu kilikuwa hivihivi. Nilipokuwa nauza mikungu kwa wingi kwa watu wa Mbuyuni, majani ya chini yakawa yanakauka pembeni na kuvunjika. Nikaambiwa ni ugonjwa, nikanunua dawa, bure. Mama mkwe akaniuliza, "Maganda ya ndizi tulikuwa tunawapa ng'ombe, samadi inarudi kwenye mgomba. Sasa ndizi zinaliwa mjini, maganda yako wapi?" Sikuwa na jibu. Siku hizi naongeza majivu ya jikoni na samadi, na mkungu wa nyumbani ni wa nyumbani.

#16 Bibi Shamba Mstaafu
Mama mkwe wako angetufaa ofisini.

Ila nionye hapa, kwa kuwa mmeanza kusifia majivu. Majivu ya vikonyo vya mchikichi ni makali, yana potashi nyingi lakini yanaunguza mikono na yana magadi sana. Usiyachanganye na urea hata siku moja. Harufu itakayotoka inakutoa machozi, na hiyo harufu ndiyo nitrojeni uliyoinunua inapaa. Weka majivu leo, urea subiri wiki kadhaa, tena kwenye unyevu. Na yasigande shinani, yatawanye.

#17 Tenera Siyo Jina
Mnahangaika na mboji wakati mtoa uzi kaandika mwenyewe: "miche NILIYOAMBIWA ni tenera". Hapo mimi ndipo nilipogota.

Tenera ni mtoto wa aina mbili za mchikichi, dura na pisifera. Ukiokota mbegu chini ya tenera ukazipanda, hupati tenera tupu. Robo itarudi dura, nusu tenera, robo pisifera, na pisifera mingi maua yake ya kike hayakomazi shada. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili mwaka 2018, miche ya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo kule Kigoma, ikawa dhahabu, na penye dhahabu hapakosi shaba iliyopakwa rangi. Mimi mwenyewe nililizwa, nikapewa miche 120 na mtu mwenye kitambulisho shingoni, leo miti zaidi ya ishirini ni mapambo.

Kata tunda katikati kwa panga. Gamba la kokwa likiwa nene, dura. Gamba jembamba na duara la nyuzi nyeusi kulizunguka, tenera. Hakuna gamba, pole.

Na jambo jingine, ile rangi ya madoa ya chungwa kuna miti inayozaliwa nayo. Ni ya ukoo. Utaimwagia potashi mpaka ushangae, doa lipo palepale na jirani yake kijani. Mangi, ni miti yote au baadhi?

#18 Mangi wa Ujiji
#17 swali zuri. Nimempigia kijana sasa hivi. Anasema "karibu yote, ila ile ya bondeni ina afadhali." Kuna miti kama mitatu, kuti jipya likitoka ncha yake imejikunja kama ndoano.

Kuhusu #4 alichouliza Bibi, kijana anasema majani mengine yana kivuli cha kijani na mengine yana madoa. Yaani vyote.

#19 Bibi Shamba Mstaafu
Vyote vinawezekana, mwanangu. Njaa haziji kwa zamu. Hiyo ya ndoano ni boroni, hiyo si ya kubahatisha sana. Boraksi gramu 50 hadi 100 kwa mti kwa mwaka inatosha. Usizidishe, boroni kati ya dawa na sumu pana ukucha tu.

#20 Fundi Pampu Kahe
Habari za jioni. Mbona hakuna aliyetaja maji? Hata uweke mbolea ya mbinguni, mzizi haunywi unga. Mchikichi unataka mvua kama milimita 2000 kwa mwaka, iliyosambaa vizuri. Kigoma wanapata kama nusu ya hiyo, halafu Juni hadi Septemba ni vumbi. Na mti ukiteseka na kiu leo, unaamua maua yawe ya kiume, hasara unaiona karibu miaka miwili mbele. Hayo mashada machache ya mwaka jana inawezekana ni kiangazi cha mwaka juzi, si mbolea kabisa. Ndiyo maana ya bondeni ina afadhali.

#21 Udongo Kwanza
#20 kiu inaeleza mashada machache, nakubali. Haielezi jani lililo chungwa juani na kijani kivulini.

#22 Fundi Pampu Kahe
Inaeleza. Magnesiamu na potasiamu vinaingia mzizini kwa kubebwa na maji. Udongo ukikauka vipo lakini havifiki. Kama hela iliyo benki siku ya Jumapili.

#23 chalii_sanawari
Siku hizi kuna mawakala Jumapili, fundi.

#24 Muha wa Njiro
Bondeni ina afadhali si kwa maji tu. Msiifanye Kigoma ni mchanga mmoja. Bonde la Luiche kuna udongo mzito mweusi, ukipanda mlimani unakuta mwekundu, sehemu nyingine kichanga ambacho ukimwaga maji yamepotea kabla hujainua ndoo. Mangi shamba lako lina mteremko?

#25 Mangi wa Ujiji
Lina. Juu ni kichanga chekundu, chini mfinyanzi.

#26 Bibi Shamba Mstaafu
Hapo ndipo watu wa huku tunapojidanganya. Udongo wetu wa Kilimanjaro na Meru ni wa volkano, potashi na magnesiamu vimo kwenye majivu ya mlima. Ndiyo maana mtu wa Moshi anazoea kuweka urea na DAP tu, mahindi yanacheka, anadhani ndiyo mbolea. Ukihamisha mazoea hayo ukayapeleka kwenye kichanga kilichochujwa na mvua karne na karne, yanakuaibisha. Tena urea na DAP kila mwaka vinaongeza tindikali, na tindikali ikipanda magnesiamu inazidi kukimbia.

#27 chalii_sanawari
Sasa jibu jepesi si Minjingu? Iko hapa njia ya Babati, bei ya kirafiki. Mangi apakie lori.

#28 Kitabu cha Kijani
#27 Minjingu ni fosfeti, mabaki ya ndege wa ziwa la kale pale karibu na Manyara. Inatoa fosforasi na kalsiamu, na kwenye udongo wenye tindikali inayeyuka vizuri, kwa hiyo Kigoma haikatai. Lakini ile ya unga wa mwamba haina potasiamu ya kusema. Utatibu jino wakati mguu ndio umevunjika. Tena kalsiamu nyingi inashindana na magnesiamu mlangoni kwa mzizi.

Na hilo linawahusu wa MOP pia. Potasiamu ikizidi inaisukuma magnesiamu nje. Nilisoma Malaysia miaka minne, niliona shamba walilotibu madoa ya potasiamu kwa MOP peke yake, mwaka wa pili makuti yakawa chungwa kuliko mwanzo, safari hii kwa kukosa magnesiamu. Meneja alifikiri wamebadilishiwa mifuko.

#29 Udongo Kwanza
Sasa umenichanganyia mgonjwa. Asiweke potashi?

#30 Kitabu cha Kijani
Aweke, na magnesiamu iende nayo. Magnesiamu salfeti, ile wanayoitumia watu wa maua Usa River na wa nyanya. Kwa miti 400 itauma mfukoni. Dolomaiti ni rahisi zaidi ila polepole, na inasaidia tindikali. Lakini ningekuwa yeye nisingenunua chochote kabla ya kupima jani.

#31 Mlevi wa Mbege
Malaysia, Malaysia. Si ndiyo wale wanaosema walichukua mbegu kwetu Kigoma wakatajirika?

#32 Kitabu cha Kijani
#31 hadithi hiyo naisikia kila kikao. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na mbegu iliyoanzisha mashamba ya kule Asia inajulikana, ni miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848. Kitu kingine walichokuja kuchukua Afrika baadaye ni mdudu, yule fukusi mdogo wa kuchavusha, alitoka Kameruni akapelekwa Malaysia mwaka 1981. Kabla yake walikuwa wanachavusha kwa mkono, ua moja moja.

#33 Mlevi wa Mbege
Kwa hiyo kitu chetu kilichowatajirisha ni mdudu. Sawa, nitalitumia hilo kilabuni.

#34 Tenera Siyo Jina
Huyo fukusi asisahaulike. Mashada madogo yenye matundamatunda machache, inawezekana hayachavushwi.

#35 Muha wa Njiro
#34 fukusi Kigoma ni wa kwao, hawana pasipoti. Piga ua la kiume lililofunguka, wanaruka kama vumbi.

Ila mimi nina swali ambalo mtanichukia. Mangi, katikati ya michikichi kijana amepanda nini?

#36 Mangi wa Ujiji
Maharage na mihogo. Ni makubaliano yetu, chakula chake na familia.

#37 Muha wa Njiro
Na maharage yapate jua, makuti anakata mpaka wapi?

#38 Mangi wa Ujiji
Sijawahi kuhesabu. Ngoja nimpigie.

#39 Mangi wa Ujiji
Anasema anabakiza "ya kutosha". Nimemwambia ahesabu mti mmoja. Ishirini na moja. Yaliyokatwa anapeleka kujengea uzio na mengine anachoma.

#40 Muha wa Njiro
NILIJUA. Mti wa umri ule unatakiwa uwe na makuti arobaini hivi. Unapovuna unabakiza angalau mawili chini ya shada. Huyo anaunyoa kipara. Kuti ndilo jiko la mti, mmefunga nusu ya majiko halafu mnalalamika chakula kidogo. Mama angemchapa.

#41 Udongo Kwanza
Na makuti yaliyokatwa yana potasiamu nyingi kuliko mnavyodhani. Yanatakiwa yapangwe katikati ya mistari yaoze, mizizi inayafuata. Yeye kayafanya uzio. Kwa hiyo #13 nilisema shamba liko kwa mwenye Fuso, naongeza: na jingine liko kwenye uzio wa kijana.

#42 Bibi Shamba Mstaafu
Jamani msimwandame kijana. Mtu analinda ekari 8, mwenyewe anakuja mara mbili kwa mwaka, asile? Maharage si adui, yakiwekwa mbali na shina. Mihogo ndiyo yenye shida, nayo ina ulafi wa potashi. Mnaweka walafi wawili sahani moja.

#43 MamaNdizi Kibosho
Asante Bibi. Wanaume humu wanahesabu kilo lakini mshahara wa kijana hakuna aliyeuhesabu.

#44 Mangi wa Ujiji
Mshahara nampa, mama. Si mkubwa, lakini nampa.

#45 Fundi Pampu Kahe
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Kigoma mjini ziwa lipo mita 770 na kitu kutoka usawa wa bahari. Kahe huku tuko kama hapohapo, joto tunalo la kugawa, maji ya kumwagilia yapo. Kwa nini michikichi isipandwe huku badala ya Mangi kusafiri siku mbili?

#46 Bibi Shamba Mstaafu
Maji unayo, chumvi ya udongo je? Sehemu za tambarare ile ardhi ina magadi mpaka inaweka ukungu mweupe juu. Na maji ya mfereji unagombania na mpunga. Jaribu mitano nyuma ya nyumba, utuambie.

#47 Fundi Pampu Kahe
Nitajaribu kumi.

#48 Tenera Siyo Jina
Usiokote mbegu chini ya mti.

#49 Kitabu cha Kijani
Turudi kwa mgonjwa. Mangi, kabla ya kununua mfuko wowote pima jani. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wanapima, TARI Mlingano kule Tanga wanapima. Ila ulizia Kihinga kwanza, ni karibu na shamba na zao ni lao.

Jani linalopimwa ni kuti namba 17. Namba 1 ni lile jipya zaidi ambalo majani yake yameshafunguka yote. Ule mkuki wa katikati, ambao haujafunguka, hauhesabiwi. Ukishalipata la 1, la 9 liko karibu chini yake, na la 17 karibu chini ya la 9, kwa sababu makuti yanapangika kwa mzunguko wa nanenane. Chukua majani madogo ya katikati ya kuti, pande zote mbili, toa uti, futa vumbi, kausha, weka kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki yataoza njiani. Miti 20 hivi, ya juu bahasha yake na ya bondeni bahasha yake, usichanganye. Potasiamu ikija chini ya asilimia moja hivi na magnesiamu chini ya 0.2, utajua nani alikuwa sahihi humu.

#50 Udongo Kwanza
Tutakuwa sahihi wote, ndiyo tatizo.

#51 Tenera Siyo Jina
Na akate tunda kwa panga. Hiyo ni bure.

#52 Mangi wa Ujiji
Aika wakuu. Nimepanga hivi: kijana aache kunyoa, makuti yalale katikati ya mistari. Mwenye Fuso nimeongea naye, vikonyo amekubali ila anataka hela ya mafuta, na majivu amesema watu wa sabuni wameshalipia mpaka Desemba. Urea nasimamisha kwanza. Sampuli zitumwe wiki hii, nimempigia kijana nimemsomea #49 neno kwa neno, kaandika.

#53 Fundi Pampu Kahe
Amekata tunda?

#54 Mangi wa Ujiji
Amekata manne. Mawili gamba jembamba, moja nene, moja anasema "hili sielewi."

#55 Tenera Siyo Jina
Sisemi kitu.

#56 Mangi wa Ujiji
Sampuli zimeshapanda basi, bahasha mbili, karatasi, kama mlivyosema. Kijana kafanya kazi nzuri, miti 20 kwa siku moja. Nikamuuliza kwa furaha, la 17 ulilipataje kirahisi hivyo, si liko juu? Akanijibu, "Hapana bosi, nilianza kuhesabu chini."

#57 chalii_sanawari
Miti yenyewe ina makuti 21. La 17 kutoka chini ni la 5 kutoka juu. Mangi umepima watoto.

#58 Bibi Shamba Mstaafu
Piga simu, basi lisifike mbali na bahasha. Mnyweshe kijana chai, arudi kesho asubuhi. Safari hii muwe kwenye simu wakati anahesabu.